Ichiro na mita 27 za kwanza

Vijana ninaowafundisha besiboli wakishika gongo (la kupigia mpira, si lile la kunywa), wote wanataka homurani, mpira uvuke ukuta. Mimi huwawekea video za Mjapani Ichiro Suzuki. Kwa misimu 19 Marekani alipiga homurani 117 tu. Wababe wa fani hiyo huzimaliza kwa misimu mitatu.

Riziki yake ilikuwa kwingine. Kutoka anaposimama mpigaji hadi besi ya kwanza, kituo cha kwanza anachokimbilia, ni mita 27 na ushee. Ichiro hurusha kwa mkono wa kulia lakini hupiga kwa kushoto, kwa hiyo tayari yuko upande ulio karibu na besi hiyo. Sasa tazama miguu. Mguu wa mbele unabembea, uzito unahama, na mwili umeshaanza safari kabla gongo halijamaliza mzunguko. Mpira unadunda kizembe ardhini, mlinzi anauokota, anainua kichwa: mtu keshafika. Hiyo nayo inahesabika hiti (pigo linalomfikisha mpigaji besini salama), sawasawa na ile iliyopasua katikati ya walinzi.

Alianzia kwao Japani, timu ya Orix BlueWave. Suzuki ni jina limejaa nchini humo, ndipo kocha Akira Ogi akaamua mgongoni aandikwe Ichiro. Mwaka huohuo, 1994, akapiga hiti 210 katika mechi 130. Alipohamia Seattle Mariners ya Marekani mwaka 2001, alitwaa tuzo ya mchezaji bora wa ligi yake na ya mchezaji bora wa msimu wa kwanza kwa pamoja. Mwaka 2004 akafikisha hiti 262, akaipiku rekodi ya George Sisler ya 257 iliyokuwapo tangu 1920. Wabishi husema Sisler alicheza mechi 154 na Ichiro 161. Kweli, lakini katika miaka yote 84 ya katikati, nani mwingine alifika?

Ulinzi wake ndio unaonisisimua zaidi. Aprili 11, 2001, mjini Oakland, Terrence Long alikuwa besi ya kwanza. Mwenzake akapiga mpira kwenda uwanja wa kulia, kwa Ichiro. Long akapiga hesabu ya kila mkimbiaji: kutoka kulia hadi besi ya tatu ni mbali, ngoja nipitilize ya pili hadi ya tatu. Ichiro akauokota huku akisogea mbele, akaachia. Mpira haukupanda juu wala haukudunda. Ulinyooka kama uzi hadi kwenye glovu ya mlinzi wa besi ya tatu, ukamsubiri Long hapo, akatolewa. Huwa nairudisha video mara nne au tano, vijana wakitazama kiuno, si mkono.

Januari 2025 wapigakura 393 kati ya 394 walimpitisha kuingia Ukumbi wa Mashujaa wa besiboli ulioko Cooperstown, Marekani. Huyo mmoja aliyemnyima hajajitokeza. Ichiro alisema angependa kumwalika nyumbani kwake wanywe pamoja na kuzungumza.