Nyumbu wetu hakukatwa pembe

Jumapili iliyopita mwalimu mmoja aliwapanga wanafunzi wake mbele ya zizi letu, akamnyooshea kidole Bahati: "Huyu ndiye nyumbu. Wenzake wako Serengeti, wanavuka Mto Mara." Baba akaenda kushusha nyasi, asije akagombana na mgeni aliyelipa kiingilio. Mimi nikabaki.

Jamani. Kiswahili kimewapa wanyama wawili jina moja, basi. Nyumbu wa Serengeti ni jamaa ya ng'ombe: ana pembe, kwato zimepasuka, anacheua. Bahati baba yake ni punda, mama yake farasi. Mtazame mguu, ukwato mmoja mzima. Mtazame mdomo akiwa kivulini, hatafuni kitu. Lipo neno baghala kwa huyu wetu. Natamani lingefika Tabora likakaa.

Farasi ana kromosomu 64, punda 62, mtoto anaangukia 63, ndiyo maana hazai. Wapo majike wachache mno duniani waliowahi kuzaa. Msinitumie picha zao. Dume mhasi mapema. Mtoto hatoi, lakini tamaa anayo, na teke analo.

Kinachonichosha hasa ni hiki: "Si mnachanganya tu punda na farasi?" Tu! Punda dume aliyekulia kwa punda wenzake anaweza kumtazama farasi jike kama anavyotazama ukuta. Wa kwetu tulimlea na watoto wa farasi tangu mdogo, na bado ananusa, anakunja mdomo, anaenda kulamba pumba, anarudi. Nusu saa. Jike yuko kwenye joto la kutaka dume, mimi nimeshika kamba, jua la saa saba liko utosini. Akikubali kupanda, na mimba ikishika, subiri miezi kumi na moja.

Ukigeuza, farasi dume kwa punda jike, anazaliwa mwingine, naye tunamwita nyumbu vilevile. Vitabu vinasema utamjua kwa masikio mafupi. Mimi nimebashiri mbele ya wanunuzi nikakosea, tena mara mbili. Siku hizi naulizia mama kwanza.

Kwa nini tunahangaika? Huku kwenye miombo mbung'o wapo, na nagana, ugonjwa wanaoueneza, haichagui farasi wala nyumbu. Lakini kuna ule ugonjwa wa farasi unaoenezwa na vijidudu vinavyouma usiku: farasi wanakufa nao sana, nyumbu hustahimili zaidi.

Nilimweleza mwalimu yote hayo. Akatikisa kichwa taratibu, akamkagua Bahati paji la uso.

"Sasa pembe mlizikata lini?"