Vermuti ya Reus: mvinyo unaodhaniwa kuwa pombe kali

Mwezi uliopita niliagiza vermuti katika baa ya hoteli moja, nikaletewa kinywaji cha vuguvugu chenye rangi ya chai iliyolala na harufu iliyokaribia siki kuliko mvinyo. Nilipoomba kuiona chupa, kijana wa kaunta aliishusha kutoka rafu ya juu, karibu na taa, ilikokuwa imesimama kati ya wiski na jini, ikiwa imebaki theluthi moja. Nikamwuliza ilifunguliwa lini. "Mimi niliikuta hivyo hivyo, mama," alinijibu, "lakini hii ni pombe kali, haiozi." Sikumlaumu, kwa sababu kosa hilo nimelikuta hata kwa watu waliosomea kazi ya mvinyo, na ndilo lililonisukuma kuandika kuhusu vermuti ya Uhispania, hasa ile ya mji wa Reus huko Katalunya, ambayo nimekuwa nikiionja na kuwaonjesha wengine kwa miaka mingi.

Vermuti ni mvinyo. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2014 inataka angalau asilimia 75 ya kilichomo chupani iwe mvinyo, uongezewe alkoholi, kilevi chake kianzie asilimia 14.5 na kisifike 22, na ladha yake bainifu itokane na mimea ya jamii ya artemisia. Mmea wa jamii hiyo ulioipa vermuti jina ni pakanga, ambao kwa Kijerumani huitwa Wermut. Wasomaji wa Biblia ya Kiswahili wanalikumbuka neno pakanga kwa uchungu wake. Chupa nyingi za Reus zina kilevi cha asilimia 15 hivi, kiwango kilicho juu kidogo tu ya mvinyo wa mezani na mbali kabisa na wiski yenye 40, kwa hiyo chupa ikishafunguliwa, hewa na joto huifanyia vermuti yale yale yanayoufanyia mvinyo mwingine wowote, ila polepole kidogo.

Biashara ya kinywaji hiki ilianzia Turin, Italia, ambako Antonio Benedetto Carpano aliuza vermuti yake tangu mwaka 1786, na katika karne ya 19 ikafika Katalunya. Reus ilikuwa na kila kitu cha kuipokea. Tangu karne ya 18 mji huo ulikuwa ukiuza nje pombe iliyokenekwa kutokana na mvinyo, na bei zake zilitajwa sambamba na za Paris na London, ndiyo maana msemo "Reus, París, Londres" bado husikika mjini humo. Mizabibu ilikuwepo, mapipa yalikuwepo, bahari haikuwa mbali, na wafanyabiashara walikwisha kuzoea kupakia shehena. Kampuni ya Yzaguirre ilianzishwa mwaka 1884 na ya Miró mwaka 1957, na zote mbili zinaendelea kutengeneza vermuti mpaka leo.

Utengenezaji wake huanza na mvinyo mweupe usio na makeke, wa zabibu kama macabeo au airén, kwa kuwa mvinyo wenye harufu kali ungegombana na mimea. Mimea yenyewe, pamoja na mizizi, maganda na viungo, hulowekwa katika alkoholi na maji mpaka iachie harufu na uchungu wake, kisha maji hayo huchujwa na kuchanganywa na mvinyo na sukari, na mchanganyiko ukaachwa utulie. Ile inayoitwa reserva hukaa zaidi katika mapipa ya mwaloni. Kila kampuni huficha vipimo vyake, lakini pua huweza kutambua mengi: ganda la danzi, mdalasini, karafuu, giligilani, mzizi mchungu wa jentiana, gome la mkwinini. Mara ya kwanza nilipoinusa chupa ya Reus nilidhani nimefungua kopo la bizari ya pilau, na sioni sababu ya kuona aibu kulisema hilo, maana aliyekulia Pwani anazijua nusu ya harufu hizo kabla ya kufundishwa na mtu yeyote.

Rangi yake huwadanganya wengi. Nimewahi kuwasikia waonjaji wakibishana kuhusu zabibu nyekundu zilizotumika katika vermuti nyekundu, ilhali kwa kawaida hazikutumika hata chembe. Mvinyo wa msingi ni mweupe, na wekundu ule wa kahawia hutokana na karameli, yaani sukari iliyounguzwa. Sukari ni nyingi, kwani kisheria vermuti inayoitwa tamu huwa na gramu 130 au zaidi kwa lita, na hapo ndipo pakanga na jentiana huonyesha kazi yao. Utamu hutangulia, uchungu huufuata na kuufuta ulimi, na mnywaji hujikuta anatamani kitu cha kutafuna.

Kwa sababu hiyo vermuti hunywewa kabla ya chakula. Wakatalani wana usemi "fer el vermut", yaani kufanya vermuti, wenye maana ya kukutana na ndugu au marafiki kuanzia saa sita mchana, hasa Jumapili, kabla ya mlo wa saa nane au saa tisa. Usemi huo unahusu saa hiyo zaidi ya kinywaji chenyewe, na asiyetumia kileo, pamoja na watoto, huagiziwa maji ya zabibu yasiyochachushwa yaitwayo mosto na kuhesabiwa kuwa amefanya vermuti kama wengine.

Mimi hutumia gilasi fupi na pana. Hutia vipande viwili vikubwa vya barafu, kwa kuwa vidogo huyeyuka na kuiharibu vermuti kabla ya mazungumzo kukolea, kisha humimina mililita 80 hivi, nikaongeza kipande cha chungwa chenye ganda lake na zeituni moja iliyochomwa kijiti. Sifoni, yaani chupa ya kunyunyizia maji ya soda, huwekwa mezani na kila mtu hujihudumia. Kwangu mnyunyizo mmoja unatosha. Zeituni ikiingia na tone la maji yake ya chumvi, subiri dakika moja kabla ya kunywa, kwa sababu chumvi hiyo hupunguza utamu kwa namna ambayo maji ya soda hayawezi. Pembeni huwekwa kome au kombe wa kopo, dagaa waliolowekwa katika siki, na viazi vyembamba vya kukaanga vilivyonyunyiziwa mchuzi mwekundu wa siki na pilipili. Madrid wengi huipenda ile inayotoka moja kwa moja kwenye bomba la baa, nami huipenda pia, ingawa ubora wake hutegemea sana kasi ya baa kuuza.

Chupa iliyofunguliwa hukaa ndani ya jokofu, kifuniko kikiwa kimebanwa, na mimi huimaliza ndani ya wiki nne hadi sita. Nilimweleza kijana yule hayo yote, akasikiliza kwa adabu, akaimwaga ile iliyobaki. Asubuhi ya kuondoka nilikuta chupa mpya kwenye jokofu la juisi, imeandikwa tarehe shingoni kwa kalamu ya wino mzito.