Presha ya mimba: hela za utafiti zimefanya kazi gani, na kwa nini bado mnachelewa?

Presha ya mimba ni nini?
Ni presha inayofika 140/90 au zaidi baada ya wiki 20, kwa mama ambaye kabla hakuwa nayo. Ikija na protini kwenye mkojo, au ikaanza kugusa figo na ini, hiyo ni preeklampsia. Mama akidegedeka, ndo kifafa cha mimba.

Kichwa kinanigonga na naona vimulimuli, ila kliniki ni wiki ijayo. Nisubiri?
Usisubiri. Tarehe ya kwenye kadi ni ya mama asiye na shida, wewe nenda leo, hata kama ni saa nane usiku. Maumivu ya chini ya kifua upande wa kulia nayo ni hivyohivyo, uso kuvimba ghafla hivyohivyo. Kumeza panadol ukalala sio matibabu jamani.

Mama mkwe anasema aliyedegedeka ana majini, aombewe kwanza.
Mama mkwe shikamoo yake, ila hospitali kwanza. Dua mtaomba mkiwa kwenye gari. Hao wa "kwanza tumpeleke kwa fulani" ndo wanatuletea mgonjwa hajitambui, halafu wanatuuliza sisi tumemfanya nini.

Hizo hela za utafiti zinatusaidia nini sisi huku?
Sindano ya magnesiamu salfeti tunayokuchoma ilipimwa kwa wanawake zaidi ya 10,000 kwenye nchi 33, majibu yakatoka 2002: inapunguza hatari ya kifafa kwa zaidi ya nusu. Baraza la utafiti wa tiba la Uingereza ni mmoja wa waliotoa hela. Ni dawa ya zamani na bei yake poa, sasa kampuni gani itamwaga mamilioni kuipima wakati faida hamna? Ndo maana lazima zitoke hela za umma au za mifuko ya misaada kama ule wa tajiri Bill Gates, uliolipia ule utafiti wa kalsiamu uliofanyika Dar es Salaam na India. Majibu yalitoka 2024, kwamba katika kuzuia preeklampsia miligramu 500 kwa siku hazikuzidiwa na 1,500, yaani vidonge vichache na gharama ndogo.

Kwa hiyo tiba ipo?
Ya kuiponyesha kabisa bado, mpaka mtoto na kondo la nyuma vitoke, kwa hiyo hela bado zinahitajika sana. Kinga ipo: asprini dozi ndogo kwa mama mwenye hatari kubwa, mfano aliyewahi kuipata au mwenye kisukari, ila ianze kabla ya wiki 20, na aandike daktari sio jirani. Sasa unakuja kuanza kliniki mimba ina miezi saba, nikupe nini? Huo utafiti wote umekupita. Ukikosa siku zako nenda kapime, ukikuta mimba anza kliniki, usisubiri tumbo lionekane.

Nimeshajifungua, si imeisha?
Hapana. Kifafa kinaweza kuja hata baada ya kujifungua, ukiwa nyumbani unakunywa uji. Kichwa kikigonga, rudi. Usisubiri arobaini.