Ulichozoea ni Harufu, si Fomalini

"Mimi fomalini nimeshaizoea, hainifanyi kitu." Fomalini ni maji yaliyoyeyushiwa gesi ya fomaldehaidi, na gesi hiyo ndiyo unayoivuta. Wiki hii nimeisikia tena, safari hii kwa mtu mwenye shahada, tena kwa majivuno ya askari mkongwe. Haya, tuyamalize.

Pua huacha kujali harufu inayodumu. Baada ya muda mfupi unadhani hewa imesafika, kumbe kiasi cha gesi ni kilekile, au kimepanda. Fomaldehaidi haina habari kwamba umeizoea. Kazi yake ni kushika protini na kuzifunga pamoja kwa vidaraja vya kaboni moja. Ndiyo maana maabara tunaitumia kukazia na kuhifadhia tishu, yaani vipande vya mwili. Ferdinand Blum alilitambua hilo mwaka 1893 alipoona vidole vyake mwenyewe vimekakamaa. Sasa utando wa puani mwako wewe umeumbwa kwa nini, plastiki?

Ngozi ndiyo hatari zaidi, maana yenyewe huenda kinyume kabisa na mazoea. Ukishapata mzio, kiasi ambacho zamani hukukihisi kinatosha kukutoa vipele, na mzio huo kwa kawaida hauondoki. Kwa hiyo miaka mingi ya kazi si kinga. Ni miaka mingi ya kuguswa.

Barakoa ya upasuaji? Inazuia mate. Gesi inapita humo bila hata kubisha hodi. Unahitaji kabati la kuvuta hewa linalovuta kweli, au kipumulio chenye kichujio cha fomaldehaidi.

Viwandani, sehemu kubwa ya fomaldehaidi huishia kwenye gundi za plaiwudi na bodi za chembe za mbao. Gundi inayochanganya fomaldehaidi na yurea huvujisha gesi polepole, zaidi kukiwa na joto na unyevu. Ya fenoli huvujisha kidogo sana. Kwa hewa ya ndani, Shirika la Afya Duniani (WHO) limeweka kikomo cha miligramu 0.1 kwa mita ya ujazo kwa dakika 30.

Kuhusu saratani ya koo la nyuma ya pua sina ubishi; IARC, shirika la WHO la utafiti wa saratani, iliiweka fomaldehaidi kundi la 1, la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, mwaka 2004. Saratani ya damu ndiyo inayonikosesha raha. Baadaye IARC iliikubali nayo, lakini wataalamu wake hawakuwa na kauli moja. Gesi inayonaswa karibu yote puani inafikaje kwenye uboho, ndani ya mifupa, damu inakotengenezwa? Na mwili wenyewe hutengeneza fomaldehaidi. Damu yetu ina takriban miligramu 2 hadi 3 kwa lita. Maelezo niliyoyasoma hayajanishibisha. Ila wewe unayeninukuu hapa ili uendelee kufunga madirisha, rudi kwanza kwenye pua.