Kibano cha sumaku: jinsi ya kushika uzi mmoja wa DNA

Kwenye maonesho ya Nane Nane pale Nzuguni, Dodoma, mzee mmoja mfugaji alisimama mbele ya meza yetu, akasoma bango, akauliza: "Mwanangu, hicho kibano kinabana nini?"

"Kusema kweli, mzee wangu, hakibani kitu."

Akacheka, na alikuwa na haki. Kibano cha sumaku huvuta na kuzungusha tu, tena kwa mbali.

Kinachovutwa mara nyingi ni uzi mmoja wa DNA, molekuli inayobeba vinasaba. Ncha yake moja hunatishwa kwenye kioo cha hadubini kwa kingamwili, protini inayoshika kama gundi. Ncha ya pili hufungwa kwenye ushanga wenye kipenyo cha mikromita 1 hadi 3, mwembamba mno kuliko unywele, uliojazwa chembechembe za oksidi ya chuma. Juu yake huwekwa sumaku. Ukiishusha, ushanga unavutwa na uzi unanyooka. Ukiipandisha, uzi unalegea. Kani yenyewe hupimwa kwa pikonyutoni. Punje ya zabibu ya gramu 5 inalemea kiganja chako kwa takriban pikonyutoni bilioni 50, na DNA huanza kunyooka vizuri kwa pikonyutoni 1 tu.

Sasa kani ndogo hivyo unaipimaje? Hakuna mizani ya kuiweka. Lakini ushanga ndani ya maji hautulii: molekuli za maji zinaugonga kila upande, nao unayumba mwisho wa uzi. Ukivutwa sana, unayumba kidogo. Ukilegezwa, unayumba sana. Kamera hufuatilia huko kuyumba, na ukijua halijoto na urefu wa uzi, kani unaipata kwa hesabu. Wanafunzi wangu hudhani mtikisiko ule ni kero ya kipimo, kumbe ndio kipimo chenyewe.

Uhondo zaidi uko kwenye kuzungusha. Nilimpa mzee kipande cha kamba ya katani, nikamwomba aisokote kisha asogeze ncha zikaribiane. Kamba ikajikunja, ikajisokota juu ya mgongo wake. "Hii naijua," akasema, "ndama akizunguka kigingi, kamba hufanya hivi hivi." DNA nayo hivyo hivyo. Mwaka 1996 watafiti wa Paris, Strick na Croquette wakiwa miongoni mwao, walizungusha sumaku, ushanga ukazunguka nayo, na DNA iliyosokotwa ikawa inafupika kadiri mizunguko inavyoongezeka. Kwa hiyo ukipima urefu, unahesabu mizunguko.

Ndani ya seli, msokoto huo ni tatizo la kila siku. DNA inapofunguliwa ili inakiliwe, mbele yake msokoto unarundikana, na vimeng'enya viitwavyo topoisomerasi ndivyo vinavyoulegeza. Aina ya pili ya vimeng'enya hivyo hukata nyuzi zote mbili zinazounda DNA, hupitisha kipande kingine kwenye pengo, kisha huunga. Mwaka 2000 watafiti wa Paris walikiona kimeng'enya kimoja kikifanya kazi hiyo: ushanga ulipanda kwa kuruka, na kila mruko uliondoa mizunguko 2. Kwenye bomba la majaribio, ambamo mabilioni ya vimeng'enya hukata kila kimoja kwa wakati wake, miruko hiyo isingeonekana.

Ndugu wa kimeng'enya hicho kwa bakteria anaitwa jairasi, na huyo ndiye anayelengwa na sipro, dawa ya kuua bakteria mnayoinunua duka la dawa (mara nyingi bila cheti, lakini hilo tuliache leo). Dawa husubiri jairasi akate DNA, kisha humzuia asiunge. Levofloksasini, inayotumika kwa kifua kikuu sugu, hufuata njia hiyo hiyo, na bakteria wa kifua kikuu hana topoisomerasi nyingine ya aina ya pili ya kumwokoa.

Mzee alibaki na swali moja: damu ina chuma, je, sumaku hiyo haitamvuta mtu damu? Nikamwekea sumaku kiganjani. Chuma cha damu kimefungwa ndani ya himoglobini, hakivutwi kama msumari. Aliigeuza mara mbili, akanirudishia, akaaga. Kamba akaondoka nayo.