Laini ya jiko la umeme ni nini, na kwa nini soketi ya ukutani haitoshi

Fundi umeme akikuambia jiko lako linataka laini yake, anazungumzia waya unaotoka kwenye sakiti breka (swichi inayojikata yenyewe umeme ukizidi) yake pekee na kwenda moja kwa moja hadi jikoni, bila kugawana na soketi wala taa. Wenye nyumba wengi hudhani ni ujanja wa kuongeza gharama. Wakati mwingine kweli fundi anatafuta kazi, lakini kwa jiko la pleti nne na oveni hana haja ya kutafuta, maana hesabu iko upande wake.

Umeme wa majumbani Tanzania ni wa volti 230 hivi. Plagi ya pini tatu bapa ina fyuzi ya ampea 13, kwa hiyo mwisho wake ni wati 3,000 kasoro kidogo. Birika la wati 2,000 linapita bila shida. Hata jiko la gesi lenye oveni ya umeme huweza kuchomekwa, ilimradi oveni yenyewe haizidi kiwango hicho. Sasa chukua pleti nne zenye jumla ya wati 6,000, ongeza oveni ya 2,500: unapata 8,500, yaani ampea 37. Ekstensheni haiwezi kukuokoa hapo. Fyuzi yake itaungua, na isipokuwa na fyuzi, itayeyuka.

Mtu atauliza: mbona basi fundi anaweka breka ya ampea 32? Kwa sababu pleti na oveni hazivuti umeme mfululizo. Zikifika joto ulilochagua hukata, kisha huwaka tena. Mafundi wanaofuata kanuni za Uingereza huhesabu ampea 10 za kwanza zote, kisha asilimia 30 ya zinazobaki, na kuongeza 5 kama swichi ya jiko ina soketi pembeni. Kwa jiko letu, pamoja na soketi hiyo, inatoka kama ampea 23.

Waya ndio penye hatari kubwa. Soketi hufungwa kwa waya wa milimita 2.5 za mraba (unene wa shaba ndani yake), jiko kwa kawaida hutaka wa milimita 6, na safari ikiwa ndefu au waya ukipita mahali pa joto, fundi anaweza kupanda hadi 10. Umeme ukiongezeka maradufu, joto ndani ya waya huongezeka mara nne, nalo limefichwa ndani ya plasta au juu ya dari. Breka ipo kuulinda waya huo, si kulilinda jiko. Ndiyo maana siwezi kumsamehe fundi anayeona breka ya 20 inakata kila mara, akaitoa na kuweka ya 40 juu ya waya uleule wa 2.5. Breka itatulia, na waya utaungua kimyakimya.

Ukutani huwekwa swichi kubwa, mara nyingi ya ampea 45, inayokata laivu (waya unaoleta umeme) na nyutro (unaourudisha) kwa pamoja. Ikae pembeni mwa jiko, ndani ya mita 2. Isiwekwe juu yake: mafuta yakishika moto, hutapenda kupitisha mkono juu ya sufuria ili kuifikia.

Mwili wa jiko ni chuma, kwa hiyo ethi, yaani waya wa kupeleka ardhini umeme unaovuja, si hiari. Nyumba nyingi hutegemea fimbo ya ethi iliyopigiliwa nje, na udongo mkavu hupitisha umeme vibaya. Waya wa laivu ukigusa mwili wa jiko, umeme unaopita ardhini unaweza kuwa mdogo mno kuiangusha breka ya kawaida, ilhali unatosha kuua mtu. Kinachokata hapo ni RCD ya miliampea 30, kifaa cha kwenye boksi la breka kinachohisi umeme unaovuja. Ina kitufe cha majaribio. Kibonyeze mara kwa mara.

Jambo moja hupotosha hata mafundi wazoefu: nyuma ya majiko mengi yanayotoka Ulaya kuna sehemu kadhaa za kufungia laivu, kwa ajili ya nyumba zenye fezi mbili au tatu. Kwa fezi moja, lazima viunganishi vidogo vya shaba vipangwe kama mchoro wa jiko unavyoonyesha. Ukikosea, baadhi ya pleti hazitawaka.

Kazi yenyewe mpe fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji Tanzania, na azime meinswichi kabla ya kugusa chochote. Akimaliza, washa pleti zote na oveni kwa nusu saa, kisha gusa uso wa swichi ya ukutani. Uvuguvugu ni kawaida. Ukihisi joto kali au harufu ya plastiki, huenda kuna skrubu iliyolegea: zima kwenye breka, na fundi arudi kuikaza kabla hujapika tena.