Fundi wa mkonge anakwenda Brazil: maswali ya afya kabla ya safari ya kwanza ya kikazi

Kuna fundi mmoja wa korona, ule mtambo wa kukwangua majani ya mkonge, kutoka shamba lililo upande wa Muheza. Mwajiri wake anampeleka wiki 3 jimbo la Bahia, Brazil, akaone wenzetu wanavyochakata mkonge wao. Ndege hajawahi kupanda. Alinifuata hapa Tanga mjini akiwa na mama yake na daftari la maswali. Wameniruhusu niyajibu hadharani, maana mengi yanamhusu yeyote anayetumwa mbali kikazi kwa mara ya kwanza.

Sista, zimebaki wiki 5. Nianze na lipi?

Chanjo ya homa ya manjano, na iwe wiki hii. Brazil ina ugonjwa huo. Unaenezwa na mbu, unashambulia ini, na hauna dawa ya kuua kirusi chake. Cheti kinaanza kutambulika siku ya 10 baada ya sindano, kwa hiyo anayekwenda kuchanjwa siku 3 kabla ya safari ameshachelewa. Ukirudi, Tanzania nayo itakudai cheti hicho kwa sababu umetoka nchi yenye ugonjwa. Tangu Julai 2016 dozi moja inahesabiwa ya maisha yote, hivyo kadi ya zamani iliyoandikwa miaka 10 haihitaji kubadilishwa.

Kwa anayechanja, sema ukweli wako wote. Chanjo hii ina kirusi hai kilichodhoofishwa. Mwenye mzio mkali wa mayai, mwenye VVU ambaye kinga yake imeshuka, mjamzito, anayenyonyesha na aliyefika miaka 60 wanahitaji kuzungumza na daktari kwanza.

Najua wapo wanaouza kadi bila sindano. Inaniuma kila ninapoiona. Kadi hiyo inaweza kukuvusha uwanja wa ndege, lakini ini lako linabaki bila kinga yoyote. Uliza hospitali ya Bombo hapa Tanga au ofisi ya afya bandarini wakuelekeze kituo kilichoidhinishwa.

Nyingine je?

Pepopunda. Wanawake wetu hupata sindano hii kliniki ya wajawazito. Wanaume wengi waliipata mara ya mwisho wakiwa watoto. Wewe unakwenda kushika vyuma. Kule Bahia bado wanatumia mashine ndogo iitwayo paraibana, mtu analisha jani kwa mkono wake mwenyewe, na imekata vidole na mikono ya watu wengi. Kama imepita miaka 10 bila dozi ya kuongezea, chomwa.

Malaria naijua tangu utotoni. Kule ipo?

Hapa naomba unisikilize kwa makini, kaka, kwa sababu ndipo wasafiri wetu wanapopotezea maisha.

Malaria ya Brazil karibu yote iko kwenye misitu ya Amazon. Eneo la mkonge la Bahia, kwenye miji kama Valente, ni nchi kavu ya miiba na miti mifupi, mbali na huko. Kwa hiyo huhitaji vidonge vya kujikinga na malaria ya kwao. Hatari ni malaria utakayokwenda nayo kutoka hapa. Mbu akikuuma Muheza usiku wa kuamkia safari, vimelea hukaa kimya kwanza. Aina iliyozagaa kwetu, falsiparamu, kwa kawaida huanza kuonyesha dalili baada ya siku 7 hadi 14, na wakati mwingine baada ya wiki kadhaa. Homa itakukuta uko Bahia, tena umeanza kuzoea kazi.

Fikiria sasa daktari wa pale. Mgonjwa wa malaria huenda hajamwona miaka mingi. Anachokiona kila msimu ni dengi: homa, kichwa, viungo kuuma, kichefuchefu. Dalili ni zilezile. Atakuandikia paracetamol na maji mengi, akurudishe hotelini, na falsiparamu ikiachwa siku mbili tatu inaweza kupanda kichwani au kuharibu figo.

Kwa hiyo lala ndani ya chandarua hadi usiku wa mwisho. Halafu andika kwenye karatasi, uiweke pamoja na pasi: *Venho da Tanzânia, onde há malária. Quero fazer o teste.* Maana yake: Natoka Tanzania, kwenye malaria, nataka nipimwe. Kireno si kigeni sana kwetu watu wa pwani, hata *meza* tuliipata kwao, na *malária* utaisikia vizuri. Kipimo cha kwanza kikikosa kitu na homa ikaendelea, omba kirudiwe baada ya saa 12 hadi 24.

Na hiyo dengi, nijikingeje?

Mbu wake anauma mchana, hasa asubuhi na jioni kabla ya giza, kwa hiyo chandarua cha usiku hakitoshi. Vaa mikono mirefu na ujipake dawa ya kufukuza mbu. Dengi hata kwetu ilifika: mlipuko wa 2019 ulioitikisa Dar es Salaam uligusa na Tanga.

Ukipata homa ambayo haijajulikana ni nini, tumia paracetamol tu. Aspirini, ibuprofen na diclofenac, ambazo mafundi mnazimeza kama karanga kwa maumivu ya mgongo, zinaweza kuchochea kutoka damu kwa mwenye dengi.

Mwanangu, nimemfungia unga wa mlonge na dawa yake ya presha kwenye bahasha. Vitamfaa?

Shikamoo mama. Dawa ya presha tuirudishe kwenye pakiti yake yenye jina, na awe na barua ya daktari inayotaja dawa na dozi. Abebe ya wiki 4 ingawa anakaa 3, na aiweke kwenye begi la mkononi, kwa kuwa begi kubwa linaweza kupotea. Unga usio na lebo ataulizwa forodhani na atashindwa kuueleza. Mlonge ubaki nyumbani, mama, utamsubiri.

Ndugu mwingine anayekwenda Uarabuni asome hapa pia: tramadol na dawa zenye codeine zinadhibitiwa vikali katika nchi kadhaa za huko. Ulizia ubalozi wao kabla ya kufunga begi.

Nitameza dawa saa ngapi, wakati saa zao si zetu?

Bahia iko nyuma yetu kwa saa 6. Kama hapa unameza saa 3 usiku, kule itakuwa saa 9 alasiri. Kwa wiki 3, acha saa moja ya mkononi isome saa ya Tanga, umeze kwa hiyo. Wanaotumia ARV nawashauri vivyo hivyo, wasiruke hata siku moja njiani.

Usingizi ndio utakaokusumbua. Saa 2 usiku ya Bahia, mwili wako utadhani ni saa 8 usiku. Jikaze ukae kwenye mwanga wa jioni, ulale kwa saa yao. Na siku ya kwanza usiguse mashine. Mwambie mwenyeji wako waziwazi kwamba hujalala, utaangalia tu.

Ndani ya ndege?

Kutoka Addis Ababa hadi São Paulo ni kama saa 12 angani, na kabla yake umeshakaa kwenye basi la Tanga hadi Dar. Damu inaweza kuganda mguuni. Inuka utembee kila baada ya saa moja au mbili, zungusha vifundo vya miguu, kunywa maji. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi ikakata ghafla, hata wiki 2 baada ya kutua, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Nikiugua huko nani atalipa?

Huduma ya umma ya Brazil, SUS, inamtibu hata mgeni bila malipo, na gari la wagonjwa huitwa kwa namba 192. Bado mwambie mwajiri akukatie bima ya safari, kwa sababu kukurudisha nyumbani ukiwa mgonjwa ni gharama kubwa.

Nikirudi nikapata homa?

Hapa mambo yanageuka. Sisi wa Tanga tutakimbilia malaria, na ni sawa kuipima kwanza. Ila isipoonekana, usiondoke na dawa ya malaria ya kubahatisha. Mwambie daktari ulikuwa Bahia, umetua tarehe gani, na uliumwa na mbu mchana.